Fleti ya Mama Inaisha Lini?

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa na najua wengine mmeanza kudhani kompyuta yangu imeungua. Haijaungua. Nilikuwa namalizia jambo lililonichukua miaka 6, na leo nimeona niliandike lote kabla sijasahau vipande vyake. Si habari ya programu wala ya simu mpya. Ni habari ya fleti ya mama yangu. Lakini vumilieni, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kusajili jina la tovuti ataielewa habari hii haraka.

Hebu tuanze na hilo jina la tovuti. Ukitaka jina linaloishia na .co.ke, hulinunui likawa lako milele. Unalilipia mwaka mmoja au zaidi, na muda ukikaribia kuisha unalipa tena. Usipolipa, jina linarudi sokoni. Sasa, chini ya jina lako unaweza kuunda majina madogo mengi upendavyo: moja la barua pepe, moja la duka, moja la picha. Hayo madogo hayalipiwi popote. Yananing'inia kwenye jina kubwa. Siku jina kubwa likiisha, yote yanazimika kwa pamoja, hata kama mwenye duka hana deni la mtu.

Kumbe fleti nyingi za Nairobi ziko hivyo hivyo. Mimi nilikuwa sijui. Na kazi yangu ya kila siku ni kuwakumbusha wateja tarehe za kuisha kwa majina yao!

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alistaafu mwaka 2006, akachukua kiinua mgongo chake, akaongeza pesa za kiploti alichokuwa amekiuza, akanunua fleti ya vyumba viwili huku Parklands. Ghorofa ya pili, dirisha linatazama mwembe. Jengo lina fleti 12 na lilijengwa miaka ya 1980. Alipopewa karatasi zake alizitia kwenye faili la kijani na kuliweka chini ya godoro. Kila mgeni akija aliambiwa: "Hii nimewaachia wajukuu. Ina miaka 99."

Mwaka 2018 nilitaka kuacha kuajiriwa na kuanzisha kakampuni kangu ka kutengeneza programu za maduka. Nilihitaji mkopo. Mama, bila kuombwa, akatoa faili la kijani. "Chukua mwanangu, uweke dhamana. Mimi karatasi inanisaidia nini chini ya godoro?"

Nikaipeleka benki. Baada ya wiki mbili afisa wa mikopo akaniita, akafungua karatasi ya mama ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari ulisema kwamba muda ni miaka 99 kuanzia tarehe 1 Januari 1933, kasoro siku tatu za mwisho.

1933! Nikapiga hesabu pale pale. Miaka 99 kuanzia 1 Januari 1933 inaisha 31 Desemba 2031. Mama alinunua ikiwa imebaki miaka 25 na ushei. Siku ile nimekaa mbele ya afisa, ilikuwa imebaki 13. Na zile siku tatu je? Akanieleza kwa upole: lisi ya fleti lazima iishe kabla ya lisi ya ardhi, ndiyo maana wanapunguza siku chache. Benki yao haikuweza kuchukua dhamana inayoyeyuka namna hiyo. Samahani, jaribu kwingine.

Kabla sijaendelea, nieleze hili neno lisi, maana wengi tunalitumia bila kulifungua. Ardhi hapa Kenya inaweza kumilikiwa bila kikomo cha muda, au inaweza kukodiwa kutoka kwa serikali kwa miaka maalumu. Huo mkataba wa kukodi ndio lisi. Ardhi nyingi ya mijini ni ya lisi. Mizizi yake ni ya ukoloni: sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu mashamba ya walowezi yakodishwe kwa miaka 999, lakini viwanja vya mijini vilipewa miaka isiyozidi 99. Kwa hiyo viwanja vya Nairobi vilivyotolewa miaka ya 1920 na 1930 vinafikia mwisho wake katika miaka hii yetu. Hakuna mtu aliyekosea popote. Saa imefika tu.

Mtu akijenga fleti juu ya kiwanja kama hicho, yeye ndiye mwenye lisi ya ardhi. Mimi naiita lisi mama. Halafu kila mnunuzi wa fleti anapewa lisi ndogo iliyokatwa kutoka kwa lisi mama. Lisi ndogo haiwezi kuishi zaidi ya mama yake. Jina kubwa la tovuti na majina madogo, si mnaona?

Kumweleza mama ilikuwa kazi ngumu kuliko yote. Nilikaa naye jikoni, nikamchorea. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto akijibu swali vibaya. Nikamaliza. Akauliza swali moja:

"Kwani mimi nilinunua au nilipanga?"

Nikasema, "Mama, ulinunua miaka."

Akanyamaza. Akainuka akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Kisha akasema, "Basi nilikuwa nawadanganya watoto." Sijawahi kusahau sauti ile. Jioni hiyo hiyo niliacha mambo ya mkopo, nikaanza mambo ya lisi.

Habari njema ilipatikana upesi. Lisi ikielekea kuisha, unaweza kuomba iongezwe kabla haijaisha, au ikiisha uombe ipewe upya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la kwanza ni bora, kwa sababu unaomba ukiwa bado una kitu mkononi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 13, inampa mwenye lisi aliye raia wa Kenya haki ya kwanza ya kupewa ardhi hiyo tena, ilimradi serikali kuu au ya kaunti haiihitaji kwa matumizi ya umma. Mwaka 2017 zikatoka kanuni za kuongeza na kufufua lisi, zinazoeleza utaratibu wenyewe.

Sheria hiyo inasema pia kwamba ndani ya miaka mitano kabla ya lisi kuisha, Tume ya Kitaifa ya Ardhi inamtumia mwenye lisi barua ya rejista kumjulisha. Nikafurahi. Kumbe kuna kikumbusho! Kama kile cha barua pepe kinachokuja jina la tovuti likikaribia kuisha.

Lakini hebu fikiria kidogo. Barua inakwenda kwa nani? Kwa mwenye lisi mama. Tulipofanya sachi kwenye rekodi za ardhi tukamkuta mwenye lisi mama ni kampuni ya yule aliyejenga, na anwani yake ni sanduku la posta. Jengo lilipokwisha kuuzwa lote, kampuni hiyo ilipaswa kuhamisha lisi mama kwa kampuni ya wenye fleti, ambamo kila mwenye fleti ana hisa moja. Haikufanya hivyo. Miaka zaidi ya 25 ilikuwa imepita. Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Barua ya kutuokoa ingetumwa kwenye sanduku ambalo labda halina ufunguo tena.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ndilo hasa nataka ulikumbuke ukisahau mengine yote: mwenye fleti hawezi kuongeza muda wa fleti yake peke yake. Mama angeweza kuwa na pesa zote za dunia, na wakili bora mjini, asifike popote. Kinachoongezwa ni lisi ya ardhi, na ardhi ile ni ya watu 12.

Nina binamu London. Nilipomsimulia alishangaa, kwa sababu yeye aliongeza lisi ya fleti yake mwaka 2015 bila hata kumjua jirani wa juu. Sheria ya huko ya mwaka 1993 ilimpa haki yake binafsi: aliongezewa miaka 90 juu ya ile iliyokuwa imebaki, na kodi ya ardhi ya fleti yake ikashuka hadi sifuri. Alilipa, tena si kidogo, na akaharakisha kwa sababu muda ukishuka chini ya miaka 80 bei ilikuwa inapanda. Lakini haki ilikuwa imefungwa kwenye fleti yake. Yetu imefungwa kwenye udongo ulio chini ya wote.

Basi tukaanza kuwatafuta hao 12.

Mimi kwa akili yangu ya kompyuta nikatengeneza hifadhidata nzuri kabisa. Kila fleti na safu yake: jina, namba ya kitambulisho, simu, madeni, hali ya karatasi. Nikaweka na ukurasa wa kuingia kwa nywila. Watu wawili tu waliwahi kuingia, na mmoja alikuwa mimi. Mama yeye alichukua daftari la mistari, akachora rejista ya darasa. Fleti 1 hadi 12 upande wa kushoto, tarehe za mikutano juu. Aliyehudhuria alama, asiyehudhuria sifuri nyekundu. Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye maegesho ya magari, Novemba 2018, watu watano. Mama akasoma rejista kwa sauti. Mkutano wa pili walikuja tisa. Hakuna mtu mzima anayependa kuwekewa sifuri nyekundu na mwalimu.

Tuliyoyagundua kwenye mikutano ile ni haya.

Kampuni ya wenye fleti ilikuwepo, lakini ilikuwa imelala usingizi wa pono. Haikuwa imewasilisha ripoti za mwaka kwa msajili wa makampuni kwa miaka mingi, na wakurugenzi wake wawili walikuwa wamekwisha kuuza fleti na kuhama. Ikabidi kuifufua: ripoti za nyuma, faini, wakurugenzi wapya. Mzee wa Fleti ya Kwanza akawa mwenyekiti. Mama akawa katibu. Mimi nikawa mtu wa kutumwa.

Kodi ya ardhi ya serikali haikuwa imelipwa kwa muda mrefu. Kila mtu alidhani mwenzake analipa. Kumbuka kuna malipo mawili: kodi ya ardhi, inayokwenda serikali kuu, na reti, zinazokwenda kaunti. Ukitaka kuongezewa lisi unahitaji cheti cha kuonyesha huna deni la kodi, na kingine cha kuonyesha huna deni la reti. Deni lenyewe halikuwa kubwa. Riba yake ndiyo iliyokuwa imenona.

Kisha yule mrithi wa mjenzi. Tulimpata kupitia rafiki ya rafiki, mtu wa makamo, mpole. Hakujua hata kwamba kampuni ya baba yake bado ina lisi ya kiwanja chetu. Wengine wangetumia nafasi hiyo kututoza. Yeye alisema, "Baba aliwauzia. Mimi nitaidai kwa msingi gani?" Tukamlipia gharama za wakili, akatia sahihi. Lakini ilichukua karibu mwaka na nusu, kwa sababu ilibidi kwanza mambo ya mirathi yake yanyooke, halafu Machi 2020 korona ikaingia na ofisi zikafungwa nusu.

Desemba 2020 ikatokea jambo jingine. Sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo ilianza kutumika tarehe 28 ya mwezi huo. Ni sheria nzuri. Inamwezesha mwenye fleti kupata hatimiliki yake kamili ya fleti pamoja na fungu lake la maeneo ya pamoja, badala ya lisi ndogo. Ilitoa miaka 2 kwa wenye lisi ndogo za zamani kuzibadilisha. Nikawatumia majirani ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: tufanye hivi, tuachane na habari ya lisi!

Wakili wetu akanijibu kwa mstari mmoja: "Soma kifungu cha 3." Nikasoma. Sheria hiyo inahusu ardhi isiyo na kikomo, au ardhi ya lisi ambayo imebakiza muda usiopungua miaka 21. Sisi tulikuwa na 11. Mlango ulikuwa wazi, sisi tumesimama nje na kimo hakitoshi. Lazima kwanza lisi iongezwe, ndipo tubadilishe. Mwenye kuandika programu anaijua hali hii: huwezi kusasisha kitu kwa sababu kile kilicho chini yake ni cha zamani mno.

Hata hivyo shimo kubwa kuliko yote lilikuwa bado mbele. Lilikuwa kwenye Fleti ya Saba.

Mama wa Fleti ya Saba aliishi Canada tangu miaka ya 1990. Fleti yake alipangisha, na michango yake ililetwa na kaka yake bila kukosa. Kwenye rejista ya mama alikuwa na alama tele, kwa sababu alihudhuria kwa simu, saa za usiku wa kwao. Wakili alipokuwa anaandaa ombi, akatuomba nakala za vitambulisho vya wenye hisa wote. Mama wa Fleti ya Saba akatuma pasipoti ya Canada.

"Ya Kenya iko wapi?" wakili akauliza.

Hakuwa nayo. Alichukua uraia wa Canada mwaka 1999, na wakati ule katiba yetu ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Alipochukua wa huko, wa hapa ukamtoka.

Mnakumbuka nilisema haki ya kwanza ni ya mwenye lisi aliye raia? Sasa mwenye lisi alikuwa ni kampuni. Na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 65, inasema kampuni itahesabiwa kuwa raia iwapo tu inamilikiwa yote na raia. Yote! Si nyingi yake. Watu 11 kati ya 12 haitoshi. Ni kama sharti la programu ambalo safu moja ikiwa "hapana", jibu la jedwali zima ni "hapana". Haina maana kwamba asiye raia hawezi kabisa kupewa lisi. Anaweza, na mwisho wake ni miaka 99. Lakini ile haki ya kutangulizwa anaikosa, na sisi tulikuwa tunaitegemea haki hiyo kama mtu anavyotegemea kamba ya kisima.

Mkutano wa siku hiyo ulikuwa mbaya. Jirani mmoja akasema Mama wa Fleti ya Saba auze tu, hata kwa hasara. Mwingine akasema ahamishe hisa kwa kaka yake kwa muda, tukimaliza arudishiwe. Kwenye simu tulimsikia akipumua. Akasema polepole kwamba fleti ile aliinunua kwa kusafisha hospitali usiku kwa miaka saba, na alitaka siku moja arudi kuzeeka ndani yake. Halafu akasema kama yeye ndiye kizuizi, atauza.

Mama akafunga rejista. Akasema, "Hakuna mtoto anayetolewa darasani kwa kosa ambalo hakulifanya. Tutafute njia."

Na njia ilikuwepo, kwenye katiba ile ile. Ibara ya 14 inasema aliyekuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, akaupoteza uraia huo kwa sababu ya kuchukua wa nchi nyingine, ana haki ya kuurejeshewa akiomba. Si hisani. Ni haki. Na katiba hiyo inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hakuhitaji kuacha wa Canada. Alileta cheti chake cha kuzaliwa, pasipoti yake ya zamani na karatasi za Canada, akajaza fomu, akalipa, akangoja. Sisi sote tukangoja naye. Siku alipotuma picha ya cheti cha uraia kwenye kundi, Mzee wa Fleti ya Kwanza, ambaye huwa haandiki chochote ila "Noted", aliandika: "Karibu nyumbani dada."

Baada ya hapo mambo yalienda kwa mwendo wa kawaida wa karatasi. Huku nyuma, tarehe 27 Aprili 2021, serikali ilikuwa imezindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ikianza na Nairobi. Namba za zamani za viwanja nazo zilikuwa zinabadilishwa kuwa namba mpya za vitalu. Kwa msomaji wa kiufundi: ni kuhamisha hifadhidata ya miaka mia moja huku watu wanaendelea kuitumia. Mimi ninayejua uchungu wa kuhamisha hifadhidata ya duka moja la viatu, sina neno.

Ombi letu liliingia mwaka 2022. Mpima ardhi alikuja, akapima mipaka, akanywa chai kwa mama. Maoni ya kaunti na ya wataalamu wa mipango na upimaji yakatafutwa. Kiwanja kikathaminiwa ili kodi mpya ya ardhi ipangwe. Jibu lilitoka mwaka 2023: tumekubaliwa, lisi mpya ya miaka 50. Tukarudisha ya zamani, tukalipa yaliyotakiwa, na mwaka 2024 lisi mpya ikasajiliwa. Inaisha 2073.

Nikaenda kumwambia mama mwenyewe, sikutaka asome kwenye simu. Alikuwa na miaka 73. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya risiti ya stima. Mjukuu wake mkubwa, binti yangu, atakuwa na miaka 62 lisi hiyo ikiisha. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ataamua yeye," akasema. "Lakini mwambie tarehe. Usimwambie miaka. Mwambie tarehe."

Ule mkopo sikuwahi kuuchukua. Kakampuni nilikaanzisha kwa laptopu moja na pesa za akiba, na kanatembea. Faili la kijani limerudi chini ya godoro. Lakini juu ya jalada mama ameandika kwa kalamu nyekundu: 2073.

Haya, kwa wale wanaopenda mambo kwa kifupi, nimewawekea hapa. Ukiwa na fleti, au unataka kununua:

1. Usiulize lisi ni ya miaka mingapi. Uliza ilianza tarehe gani. Miaka 99 iliyoanza 1933 na miaka 99 iliyoanza jana ni vitu viwili tofauti, na kwenye matangazo vinaandikwa sawasawa.

2. Fanya sachi ya lisi mama, si ya fleti pekee. Angalia ni nani ameandikwa. Kama bado ni mjenzi, anza hapo, na anza angali hai.

3. Uliza kama kampuni ya wenye fleti iko hai na kama kodi ya ardhi na reti zinalipwa. Omba uonyeshwe risiti.

4. Wajue majirani zako kwa majina na kwa uraia. Sisemi muwatenge walio nje. Nasema mjue mapema, kwa sababu njia ya kurekebisha ipo, ila inataka muda.

5. Kama imebaki chini ya miaka 21, kumbuka kwamba hatimiliki ya sehemu ya jengo huwezi kuipata mpaka lisi iongezwe. Na kama imebaki 25, usisubiri ifike 21.

6. Usingoje barua.

Nimekwisha. Juma lijalo nitarudi kwenye mada zetu za kawaida: nilikuwa nimeahidi kueleza jinsi ya kuhifadhi nakala za faili zako, na bado sijafanya. Kabla ya hapo, nenda chini ya godoro lako ukasome ukurasa wa pili.